Pikapu ya Diseli Iliyotumika: Kuikagua Kabla ya Kulipa na Kuitunza Baada ya Kununua

Maandishi ya mazungumzo kwa wakulima, wafanyabiashara na madereva wa Kaunti ya Nyandarua



Katika Nyandarua pikapu si gari la starehe. Alfajiri hupeleka mikebe ya maziwa, mchana hubeba viazi au kabeji, jioni hurudi na mbolea na mbegu, na jirani akifiwa hubeba viti na hema. Ndiyo sababu familia hukubali kuchukua mkopo wa sacco, au hata kuuza ng'ombe wawili watatu, ili kuipata. Pesa za namna hiyo hazipatikani kila mwaka. Gari likisimama mwezi wa pili baada ya kununuliwa, mkopo hausimami nalo.

Pikapu mpya ni ghali mno kwa mkulima wa kawaida, kwa hiyo wengi hununua iliyotumika. Barabarani zinaonekana zaidi Toyota Hilux na Isuzu D-Max, pamoja na Nissan, Mitsubishi L200, Ford Ranger na Mazda. Nyingi kati ya hizo ziliuzwa zikiwa mpya humu humu nchini. Watu huuliza kwa nini yadi zinazoleta magari kutoka Japani hazijai Hilux kama zinavyojaa magari madogo. Sababu moja ni kwamba kati ya mwaka 2004 na 2017 Toyota haikuwa ikiuza Hilux kwa wateja wa Japani kwenyewe. Nyingine ni kanuni ya Kenya inayokataza kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Matokeo yake ni kwamba mnunuzi wa pikapu mara nyingi hununua gari lililofanya kazi kwenye barabara zetu, likabeba mizigo yetu, na likatengenezwa na mafundi wetu. Hilo lina faida, kwa kuwa historia yake inaweza kufuatiliwa. Lakini lazima mtu aifuatilie.

Karatasi kabla ya boneti

Wanunuzi wengi huanza kwa kufungua boneti. Afadhali kuanza na karatasi. Injini mbovu hutengenezwa, lakini gari lenye deni la mtu mwingine huweza kuondoka zima na madalali wa mnada.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inasema kwamba mtu ambaye jina lake limo kwenye usajili huchukuliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sheria hiyo hiyo inatoa siku 14 baada ya gari kubadilisha mikono. Zikipita bila mwenye mpya kusajiliwa, gari halifai kuwa barabarani. Hata hivyo ni jambo la kawaida kukuta pikapu imepita kwa watu watatu au wanne huku logibuku ikibaki na jina la mwenye wa kwanza. Kila muuzaji humwambia mnunuzi kwamba "hiyo ni kazi ya siku moja". Siku hiyo moja hugeuka miezi pale mwenye wa kwanza anapokuwa ng'ambo, amefariki, au ameacha kupokea simu.

Kwa hiyo, kabla ya pesa yoyote kutoka, mnunuzi atafute rekodi ya gari kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen. Rekodi hiyo huonyesha jina la mwenye gari na nambari ya chesisi. Jina lilingane na kitambulisho cha anayeuza. Nambari ya chesisi ilingane na ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Katika Hilux nyingi hupatikana kwenye mhimili wa chesisi wa upande wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Ikiwa chuma kimekwanguliwa, kimechomelewa au kimepakwa rangi mpya mahali hapo tu, mazungumzo ya bei yakome.

Halafu kuna deni. Tangu Sheria ya Haki za Dhamana ya Mali Inayohamishika ya mwaka 2017 ianze kutumika, mkopeshaji anaweza kusajili haki yake juu ya gari katika sajili ya kielektroniki, na mtu yeyote anaweza kuipekua sajili hiyo kupitia eCitizen. Benki nyingine huandikwa pamoja na mwenye gari kwenye logibuku. Gari la namna hiyo halihamishwi mpaka mkopeshaji akubali, na njia salama ni pesa za mnunuzi kwenda moja kwa moja kulipa salio la mkopo. Ahadi ya muuzaji kwamba atalipa akishapokea haitoshi, hata kama muuzaji ni mtu wa kanisa moja na mnunuzi.

Mkataba wa mauziano uandikwe, uwe na tarehe na pia saa ambayo gari lilikabidhiwa. Saa inaonekana kama jambo dogo. Lakini gari likigonga mtu jioni ya siku ile ile lilipouzwa, saa ndiyo itakayoulizwa kwanza. Uhamisho wenyewe huanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake na kukubaliwa na mnunuzi kwenye akaunti yake. Wote wawili wakae mahali pamoja wakaufanye, na sehemu kubwa ya malipo ifuate hapo.

Injini ikiwa baridi

Injini ya diseli haina plagi ya kutoa cheche kama ya petroli. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa moto sana, kisha diseli inapopulizwa ndani huwaka yenyewe. Ringi za pistoni zikiwa zimelika, hewa huvuja, joto halitoshi, na gari husumbua kuwaka. Likishapata moto husahau ugonjwa wake, na anayetaka kuliuza haraka huhakikisha limepata moto kabla ya mnunuzi kufika.

Wakazi wa kaunti hii wana kipimo ambacho mtu wa Mombasa hana. Uwanda wa Kinangop uko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai hakuna injini inayoweza kudanganya. Mnunuzi afike mapema, tena aweke kiganja juu ya injini kabla ya ufunguo kugeuzwa. Ikiwa ya moto, kuna aliyetangulia kuiwasha, na inafaa kuuliza kwa nini.

Ufunguo ukigeuzwa hatua ya kwanza, taa yenye alama ya waya uliojikunja huwaka kwenye dashibodi. Hiyo huonyesha kwamba plagi za kupasha joto zinafanya kazi, na dereva husubiri izime ndipo apige stata. Injini nzima huwaka baada ya mizunguko michache. Moshi mweupe kidogo unaoisha ndani ya dakika moja au mbili si wa kutisha. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikipata joto, huku maji yakipungua kwenye rejeta, huashiria gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe kupasuka. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi mzito ni diseli nyingi kwa hewa kidogo: pengine ni filta ya hewa tu iliyoziba, pengine ni noseli au turbo, na tofauti ya gharama kati ya hayo ni kubwa mno.

Injini ikinguruma, kifuniko cha kujazia oili kifunguliwe taratibu. Mvuke mdogo ni kawaida. Ikiwa moshi unatoka kwa misukumo kama bomba la jikoni, mgandamizo unavuja kupita ringi. Sehemu ya chini ya kifuniko itazamwe pia. Povu la rangi ya chai ya maziwa linaonya kwamba huenda maji yameingia kwenye oili. Vipande vyeusi vigumu kama lami vina maana nyingine, nayo inastahili kuelezwa, kwa sababu imeua injini nyingi za Hilux za aina ya D-4D zilizotengenezwa kabla ya kizazi kilichoanza mwaka 2015.

Katika injini hizo, yaani 2KD ya lita 2.5 na 1KD ya lita 3.0, kila noseli hukalia washa ndogo ya shaba. Washa hiyo ikichoka, gesi ya moto huvuja kupita pembeni mwa noseli na kuingia juu ya hedi, ambako huipika oili mpaka inakuwa makaa. Makaa hayo hushuka hadi kwenye sampu na kuziba chujio ambalo pampu ya oili hunyonyea. Siku moja, gari likiwa limebeba mzigo na kupanda mlima, oili haifiki kwenye beringi. Taa nyekundu huwaka, dereva akidhani ni waya, na injini hukwama. Washa yenyewe ni kitu cha bei ndogo. Fundi aulizwe wazi kama zimewahi kubadilishwa, na ikiwa hakuna ushahidi, zibadilishwe na sampu ifunguliwe chujio lioshwe.

Injini hizo hizo hutumia mkanda wa taiming, na mtengenezaji huelekeza ubadilishwe kila kilomita 150,000. Ukikatika, pistoni hugonga valvu. Mita ya kilomita huweza kurudishwa nyuma, kwa hiyo isiaminiwe peke yake. Raba za pedali, kiti cha dereva na usukani ulivyolika husema ukweli zaidi. Pasipo risiti ya mkanda, ihesabiwe kwamba haujabadilishwa.

Je, injini za zamani, kama 3L na 5L zisizo na turbo, zina nafuu? Kwa mtu anayeishi mbali na mji, ndiyo, kwa kiasi fulani. Pampu yake ya diseli ni ya chuma na spana, na fundi wa Engineer au Ol Kalou anaweza kuirekebisha bila kompyuta. Lakini katika nyanda za juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupungua nguvu. Ikipakiwa kwenye mlima itatambaa kwa gia ya pili. Injini za kisasa za komoni reli zina nguvu na hunywa diseli kidogo, ila noseli zake hufanya kazi kwa shinikizo ambalo ni mara mia kadhaa zaidi ya upepo wa tairi, na hazisamehi uchafu. Mnunuzi achague akijua fundi wa karibu anaweza nini.

Baada ya injini, fundi aingie chini ya gari. Aangalie chesisi nyuma ya kebini, mahali ambapo mzigo mkubwa huipinda, atafute nyufa na alama za kuchomelea. Springi zilizoongezwa hueleza jinsi gari lilivyotumiwa. Matairi husomwa kwa tarakimu nne za mwisho kwenye duara la ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye maua mazuri linaweza kuwa mzee.

Fundi huyo alipwe na mnunuzi mwenyewe, asiwe wa kuletwa na dalali. Alipwe hata akisema gari lisinunuliwe. Hasa akisema gari lisinunuliwe.

Pesa za siku ya pili

Mwenye shilingi 1,200,000 asinunue pikapu ya shilingi 1,200,000. Atafute ya 1,000,000 na zinazobaki azichukulie kuwa sehemu ya bei. Katika wiki za kwanza gari litahitaji oili mpya ya injini, giaboksi na difu, filta zote, mkanda wa taiming pale unapotumika, maji ya rejeta, na breki kukaguliwa magurudumu yote manne. Anayemaliza pesa zote siku ya kununua huahirisha kazi hizi mpaka mavuno, na injini haijui msimu wa viazi.

Oili ya kawaida ibadilishwe kila kilomita 5,000 pamoja na filta. Barabara za murram na mizigo mizito hazimruhusu mtu kunyoosha kipimo hicho. Chapa si muhimu kuliko maandishi madogo kwenye mtungi yanayosema oili ni ya injini ya diseli na ya daraja lililotajwa katika kitabu cha gari. Inunuliwe kwenye duka linalotoa risiti, kwa kuwa oili feki hufungwa vizuri kuliko ya kweli. Baada ya kupanda mlima na mzigo, injini yenye turbo iachwe ingurume polepole kama dakika moja kabla ya kuzimwa, ili oili iendelee kupoza turbo ambayo bado inazunguka.

Kuhusu maji, kuna desturi inayofaa kuachwa. Gari likichemka, mafundi wengine hutoa themostati na kulitupa, wakisema Kenya haina baridi. Kwanza, hao hawajalala Njabini. Pili, themostati huizuia injini kufanya kazi ikiwa baridi muda mrefu mno. Bila hiyo diseli haiungui vizuri, oili huchafuka haraka na injini hulika. Pia chanzo cha kuchemka, kama vile rejeta iliyoziba, pampu ya maji au gasketi, hubaki pale pale kikiwa kimefichwa. Maji ya mto yana chumvi na matope yanayoziba njia nyembamba za rejeta. Kipozeo kinachouzwa dukani, kikichanganywa kwa kipimo kilichoandikwa, huzuia kutu ndani ya injini.

Diseli yenyewe ndiyo penye hasara kubwa zaidi. Tangu mwaka 2015 diseli halali nchini haipaswi kuwa na salfa zaidi ya sehemu 50 kwa milioni, nayo ni nzuri. Shida huja inapochanganywa na mafuta ya taa. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya uchanganyaji huo. Pampu ya diseli na noseli hulainishwa na diseli inayopita ndani yake, hazina oili nyingine. Mafuta ya taa ni makavu, kwa hiyo chuma husagana na chuma. Diseli ya mitungi kando ya barabara, hata ikiwa nafuu kwa shilingi 15, haimjui mnunuzi wake kesho. Kituo cha mafuta chenye risiti kinaweza kurudiwa.

Maji nayo huingia kwenye tangi, hasa usiku wa baridi tangi likiwa karibu tupu, kwa sababu mvuke wa hewa iliyo juu ya diseli huganda kuwa matone. Tangi lijazwe jioni. Chini ya filta ya diseli mara nyingi pana skrubu ya kumwagia maji. Ilegezwe kila wiki mbili mpaka diseli safi ianze kutoka. Kazi hiyo haichukui dakika tano wala haihitaji fundi.

Vumbi la murram huishia kwenye filta ya hewa. Ikung'utwe, isioshwe, na ibadilishwe ikichanika hata mahali padogo, kwani vumbi linalopita hapo husaga mabawa ya turbo na ringi.

Magunia ishirini

Pikapu nyingi hizi zimeundwa kubeba takriban tani moja, na za kebini mbili mara nyingi hubeba chini ya hapo. Uwezo kamili huandikwa kwenye hati za gari. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka gunia lisizidi kilo 50. Hesabu basi ni rahisi: magunia 20 ni tani moja, na dereva pamoja na abiria wake nao wana uzani. Magunia 30 yatafika Nairobi, wengi wamewahi kuyafikisha, lakini klachi, beringi za nyuma na chesisi huyalipia. Mwenye gari anayepigia hesabu faida ya magunia 10 ya ziada aandike pia kwenye daftari hilo hilo bei ya springi na klachi.

Mzigo huo huonekana uzito wake kwenye mteremko, kwa mfano kushuka kutoka Kinangop kwenda Naivasha. Gari lishuke kwa gia ambayo lingeipandia. Wapo madereva wanaoweka fri, wengine hata kuzima injini, ili kuokoa diseli. Katika injini ya diseli nguvu ya kusaidia breki hutoka kwa pampu inayozungushwa na injini yenyewe. Injini ikizimwa, breki zinabaki na msaada wa mikanyago michache tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Pia injini ya kisasa ikiwa kwenye gia na mguu ukiwa umeondolewa kwenye mafuta haipulizi diseli kabisa, kwa hiyo hakuna kinachookolewa.

Mwisho ni bima na ushuru. Pikapu ni gari la mizigo, na mwenye nayo hudaiwa na KRA kodi ya mapema ya magari ya biashara. Mnunuzi aulize kama imelipwa. Bima ya watu wengine ni lazima chini ya Sura ya 405 ya sheria, lakini ziko za aina tofauti: moja humfunika mtu anayebeba mali yake mwenyewe, nyingine humfunika anayebeba mali ya watu kwa malipo. Mkulima aliyekata ya kwanza, kisha akachukua kabeji za jirani kwa nauli, anaweza kupata ajali na kampuni ya bima ikakataa kulipa. Vivyo hivyo kwa watu wanaopanda nyuma juu ya magunia wakirudi kutoka sokoni. Ajenti aambiwe ukweli wa kazi ya gari siku ya kukata bima, na jibu lake liandikwe kwenye hati yenyewe.